Dohani Tatu: Jinsi ya Kununua Manowari Ndogo Mtandaoni na Kuitambua Iliyotengenezwa Vizuri

Kifurushi changu cha kwanza kilifika baada ya wiki tano. Nilikifungua mezani kwa wembe, taratibu, nikaondoa sponji, na chini yake nikaikuta manowari ya chuma yenye rangi ya kijivu na sitaha ya hudhurungi, nzuri kwa kila hali. Nikahesabu dohani: mbili. Meli niliyoitaka ina tatu.

Nilikuwa naitaka Königsberg, ile manowari ya Kijerumani iliyoizamisha meli ya Waingereza HMS Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikakimbilia kwenye delta ya Rufiji, na kuishia huko tarehe 11 Julai 1915 baada ya kupigwa na mizinga ya HMS Severn na HMS Mersey. Iliyonifikia ni Königsberg nyingine kabisa, iliyozamishwa na ndege za Waingereza huko Bergen, Norwei, mwezi Aprili 1940. Muuzaji hakudanganya. Jina aliloandika lilikuwa jina halisi la meli aliyonitumia. Kilichokosekana ni swali moja ambalo sikumuuliza: Königsberg ya mwaka gani?

Tangu siku ile sinunui modeli ya manowari kabla sijaijua meli yenyewe kwa vipimo. Wengi wanaoanza, hasa vijana, wanaanza na bei na nyota za wateja. Nyota zinakuambia kwamba kifurushi kilifika salama. Hazikuambii kama omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, imechongwa sawasawa.

Anza na karatasi yako

Ukiliandika jina hilo mtandaoni utaletewa meli tatu za jeshi la majini la Ujerumani. Ya kwanza, ile ya Rufiji, ilishushwa majini Kiel mwaka 1905. Ina urefu wa mita 115.3, upana wa mita 13.2, dohani tatu, na mizinga kumi ya sentimita 10.5. Ya pili ilishushwa mwaka 1915, ina urefu wa mita 151, nayo pia ina dohani tatu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilikwenda kwa Wafaransa wakaiita Metz. Ya tatu ni ya mwaka 1927, mita 174, dohani mbili, na mizinga tisa iliyopangwa mitatu mitatu kwenye minara mitatu inayozunguka. Ndiyo niliyoletewa mimi.

Kwa hiyo, kabla hujafungua duka lolote, chukua karatasi uandike: mwaka wa meli, urefu, upana, idadi ya dohani, idadi ya mizinga na mahali kila mmoja uliposimama. Kwa Königsberg ya Rufiji utaandika: miwili omo, ikikaa sambamba, miwili tezi, yaani nyuma, vivyo hivyo, mitatu kila ubavu. Halafu tafuta picha mbili tatu za zamani za meli hiyo hiyo, moja ya ubavuni na moja ya mbele. Makumbusho ya Imperial War Museums ya Uingereza na hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, zina picha nyingi za manowari za zama hizo, na unaweza kuziangalia kwa simu yako. Zihifadhi. Picha hizo ndizo hakimu wako, wala si maneno ya tangazo.

Kama uko Mombasa, una bahati ambayo mkusanyaji wa Hamburg hana. Nenda Fort Jesus. Pale uwanjani umewekwa mmoja wa mizinga ya Königsberg hii hii. Baada ya meli kuharibika, Wajerumani waliiopoa mizinga kutoka Rufiji, wakaitia magurudumu na kupigana nayo nchi kavu. Simama mwanzo wa mtutu, tembea hadi mwisho wake, uuguse. Mzinga huo ni wa aina ya L/40, maana yake urefu wa mtutu ni mara arobaini ya kipenyo cha tundu lake: sentimita 10.5 mara 40, yaani mita 4.2. Sasa fikiria umbo hilo likiwa na urefu wa milimita 3.4, kwa sababu hivyo ndivyo litakavyokuwa kwenye modeli ya skeli ya 1/1250. Ukiwa umeugusa mzinga wenyewe, kamwe hutakubali kijiti kinene kilichobandikwa sitahani kwa jina la mzinga.

Skeli

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua urefu wa meli kwa mita, zidisha kwa 1,000, gawanya kwa namba ya chini ya skeli; jibu ni milimita. Mita 115.3 kwa skeli ya 1/1250 ni milimita 92. Ile ya 1915 inatoka milimita 121, na ya 1927 milimita 139. Laiti ningemwomba muuzaji urefu wa modeli yake, namba moja ingetosha kuniokoa.

Skeli ya 1/1250 ni ya wakusanyaji, na kitovu chake ni Ujerumani. Wiking walikuwa wakitengeneza meli za skeli hii tangu miaka ya 1930. Leo Navis wanajulikana kwa meli za Vita Kuu ya Kwanza na Neptun kwa zile za Vita Kuu ya Pili, na modeli zao huja zimekamilika na kupakwa rangi. Skeli ya 1/1200 ni ndugu yake wa Uingereza, tofauti yake kwa meli yetu ni milimita nne tu. Ya 1/700 ni ya kuunga mwenyewe kwa gundi. Ilipata nguvu mwaka 1971 pale makampuni ya Shizuoka, Japani, yalipogawana kazi ya kutengeneza meli zilizokatwa usawa wa maji. Kwa skeli hiyo Königsberg inakuwa sentimita 16 na nusu. Ya 1/2400, ambayo GHQ wa Marekani wanaifanya vizuri sana, ni ya wanaocheza mapigano ya baharini mezani: milimita 48, ndogo kuliko kidole cha shahada.

Ushauri wangu ni kuchagua skeli moja na kubaki nayo. Utamu wa kuwa na Königsberg ni kuiweka karibu na Severn na Mersey, zile meli fupi za mtoni, mita 81 hivi kila moja, zilizokuwa zikijengewa Brazil kabla Waingereza hawajazinunua mwaka 1914. Ukichanganya skeli, mwindaji anaweza kuonekana mkubwa kuliko mwindwa, na kisa chote kinapotea. Uliza pia kama modeli imekatwa usawa wa maji au ina mkuku wake wote, maana picha nyingi hazionyeshi.

Kila malighafi ina kasoro yake

Hapa ndipo pesa inapopotea au kuokolewa, kwa hiyo twende polepole.

Modeli za chuma husubiwa kwa aloi laini ya bati. Aloi iliyoyeyushwa humiminwa kwenye kalibu ya mpira inayozungushwa kwa kasi, ili msukumo wa mzunguko uifikishe kwenye kila tundu. Mpira huo unachoka. Meli zilizotoka mwanzo zina kingo kali. Zilizotoka kalibu ikiwa imechakaa zina kingo zilizolegea, kama sabuni iliyotumika. Tazama vitu vidogo vya sitahani: mashua, vipitisha hewa, ngao za mizinga. Kama mashua inaonekana kama punje ya mchele na huoni ukingo wake, kalibu ilikuwa imechoka. Tazama pia mstari wa maungio ya vipande viwili vya kalibu. Mstari mwembamba ni wa kawaida, unaondoka kwa tupa ndogo. Lakini kama upande mmoja umepanda juu ya mwingine, yaani kalibu iliteleza, meli hiyo ina mabavu mawili yasiyolingana na hakuna tupa itakayoiponya. Utando mwembamba wa chuma pembeni hausumbui, unakatwa kwa wembe. Vishimo kwenye sitaha vinaweza kuzibwa. Vishimo kwenye mtutu wa mzinga ni hasara, utakatika.

Resini ya kumimina inashika vitu vidogo zaidi kuliko chuma, ila ina maadui wawili: hewa na joto. Viputo vya hewa huacha vishimo vya mviringo, mara nyingi kwenye pembe na ncha. Joto huipinda. Kifurushi kikikaa kutwa nzima kwenye gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam, usishangae kukuta omo imeinuka. Mpindo mdogo unaweza kunyooshwa: izamishe kwenye maji ya moto yasiyochemka, ibonyeze juu ya kioo bapa, kisha maji baridi. Kwenye resini ndiko pia kunakojaa nakala za wizi. Mtu hununua modeli halali, akatengeneza kalibu juu yake, akauza kwa nusu ya bei. Resini hunywea inapokauka, kwa hiyo nakala huwa fupi kidogo kuliko ile ya asili, na kila kingo huwa butu. Rula na bei ya kushangaza vitakuambia. Usiinunue. Aliyechonga meli ya kwanza alitumia miezi mingi akisoma michoro, na kila nakala ya wizi inamsogeza karibu na kuacha kazi.

Plastiki ya viwandani, ile ya vipande vilivyoshikwa kwenye fremu, ndiyo yenye ubora unaotabirika zaidi. Kasoro zake ni mabonde madogo pale plastiki ilipokuwa nene na kunywea, na alama za mviringo zilizoachwa na pini zinazosukuma kipande kutoka kwenye kalibu. Mtego mkubwa ni umri. Kalibu iliyochongwa miaka ya 1960 au 1970 inaweza kuuzwa leo ndani ya boksi jipya lenye mchoro wa kuvutia. Tovuti ya Scalemates inaonyesha ukoo wa maboksi mengi, kalibu ilitoka lini na imepita mikononi mwa nani. Pitia huko kabla ya kulipa.

Na sasa printa za 3D. Hizi zimefungua mlango ambao watu wa kwetu tulikuwa tumefungiwa, kwa sababu meli ambazo hakuna kiwanda kingezigusa sasa mtu mmoja anaweza kuzichora na kuzitoa chumbani kwake. Lakini ubora wake unatofautiana mno. Printa huijenga meli tabaka juu ya tabaka, na tabaka la milimita 0.05 ni la kawaida. Jicho zima, kwa umbali wa sentimita 30, linatofautisha kitu cha karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo ubavuni, palipo wima, matabaka hayo huyaoni. Shida iko kwenye sitaha inayopanda polepole kuelekea omo. Kwa mwinamo wa nyuzi 5, kila tabaka linaacha kidato chenye upana wa zaidi ya nusu milimita, na hapo utaona mistari kama matuta ya mashamba ya Lushoto. Mwombe muuzaji picha ya sehemu hiyo hasa. Fundi mzuri huilaza meli kwa mshazari wakati wa kuichapa ili matuta yasikusanyike sitahani.

Angalia pia mahali zilipokuwa nguzo za kuishikilia meli wakati wa kuchapwa. Huacha makovu kama chunusi. Yakiwa chini ya meli, sawa. Yakiwa kwenye ubavu unaoonekana, hapana. Na ukiipokea modeli inayonata vidoleni, resini yake haijaiva: vaa glavu, iombee marejesho, au ioshe kwa spiriti safi na kuianika kwenye mwanga wa urujuanimno. Jua la kwetu linafanya kazi hiyo haraka, ila usiisahau huko, maana resini iliyokaa sana juani hugeuka njano na kukatika kama biskuti.

Namna ya kuisoma picha

Modeli ya milimita 48 ikijaa kwenye kioo cha simu inakuwa imekuzwa mara mbili au tatu. Jambo hili linadanganya kwa pande zote mbili. Kasoro ndogo inaonekana jeraha kubwa, na meli isiyo na kitu inaonekana imejaa vitu. Ndiyo maana naomba kila mara rula iwekwe pembeni. Rula inarudisha ukubwa mahali pake, na papo hapo inathibitisha skeli.

Omba picha tatu za kitu chenyewe kitakachotumwa: kutoka juu kabisa, kutoka ubavuni, na kutoka omo. Mchoro wa kompyuta si picha. Ule unaonyesha kile mchoraji alichokitaka, wala hauonyeshi kile printa ilichokitoa. Picha ya meli iliyopakwa rangi na fundi bingwa nayo haitoshi, kwa sababu rangi inaziba vishimo na kivuli cha brashi kinaweza kuchora kingo ambazo hazipo. Resini inayopitisha mwanga nayo inaficha kila kitu. Picha bora kuliko zote ni ya modeli iliyopuliziwa praima ya kijivu, mwanga ukiipiga kutoka pembeni. Muuzaji anayekataa kuipiga picha hiyo huwa ananipa jibu langu.

Kwenye picha ya juu, weka ukingo wa karatasi juu ya kioo cha simu kutoka ncha ya omo hadi katikati ya tezi. Dohani zote na milingoti yote inapaswa kukaa juu ya mstari huo. Kwenye picha ya ubavuni, linganisha na picha ya zamani: nafasi kati ya dohani na dohani, kimo cha daraja ukilinganisha na dohani ya kwanza, mlalo wa milingoti, umbo la omo. Königsberg ina omo ya zama zake, inayochomoza mbele chini kuelekea majini. Nimekutana na modeli zenye minyororo ya nanga inayohesabika pingili huku omo zake zimesimama wima kama ukuta. Kwangu hiyo ni meli mbovu. Vitu vidogo unaweza kuongeza kwa waya na kibano. Umbo la bodi huwezi kulibadilisha. Nikilazimika kuchagua, nachukua bodi sahihi yenye vitu vichache.

Neno moja kuhusu mbao za sitaha. Ubao wa kweli wa sentimita 15 kwenye skeli ya 1/1250 unakuwa milimita 0.12, mpaka kabisa wa uwezo wa jicho. Mistari ya mbao unayoiona waziwazi kwenye modeli hiyo imekuzwa makusudi, kama vile mitutu ya mizinga ilivyonenepeshwa ili chuma kiweze kupita kwenye kalibu. Hilo si kosa. Cha kudai ni kwamba mistari iwe sambamba na mitutu iwe sawa kwa unene na imenyooka.

Malipo na njia

Nauli mara nyingi inazidi bei ya meli yenyewe, kwa hiyo kusanyeni oda wawili watatu mnunue kwa muuzaji mmoja. Lipa kwa njia inayokuruhusu kudai marejesho, na usikubali kutumwa bila namba ya ufuatiliaji. Kwenye forodha, modeli za skeli ziko fungu la 9503, pamoja na vitu vya kuchezea watoto. Ushuru unatozwa kwa thamani ya bidhaa, kisha inakuja VAT, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara. Mwambie muuzaji aandike wazi kwamba ni modeli ya meli ya bati au ya plastiki kwa ajili ya maonyesho; maneno kama mizinga na manowari peke yake yanaweza kukilaza kifurushi ghalani. Usimwombe apunguze thamani kwenye karatasi. Kifurushi kikipotea, fidia itafuata thamani hiyo hiyo.

Muulize pia atakavyoifunga. Mlingoti wa waya hauvunjwi na safari. Unavunjwa na meli inayocheza ndani ya boksi. Sponji iliyokatwa kwa umbo la meli ndiyo kinga.

Ikifika

Washa kamera ya simu kabla ya kukata utepe, na usiizime hadi umemaliza kuihesabu mizinga. Iweke meli juu ya kioo bapa, ubonyeze omo kidogo kwa kidole. Ikitikisika, imepinda. Pima urefu kwa rula ya chuma na uulinganishe na karatasi yako. Nusu milimita ni sawa, milimita nne si sawa.

Kama ni ya zamani na ni nzito kuliko ulivyotarajia, ichukulie kuwa ina risasi: osha mikono kila unapoigusa, na iwe mbali na watoto. Meli za namna hiyo usizifungie kwenye kabati jipya la plaiwudi lisilopitisha hewa. Mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao na gundi huila risasi polepole na kuacha unga mweupe, na meli iliyoanza kutoa unga hairudi. Kwa wakazi wa pwani, milingoti ya waya wa chuma inahitaji kupakwa vanishi, maana hewa ya chumvi haina subira.

Königsberg yangu ya pili, ile ya mwaka 1905, ilifika miezi minane baadaye. Nilipima: milimita 92. Mizinga kumi, miwili miwili ncha zote na mitatu kila ubavu. Kisha nikaiinua hadi usawa wa jicho, nikafumba jicho moja na kuitazama kutoka omo, kama mafundi wa Lamu wanavyovitazama vyombo vya mfano wanapovichonga. Dohani ya kwanza ikaifunika ya pili, ya pili ikaifunika ya tatu, na mlingoti wa nyuma ukajificha nyuma yake. Nikaona dohani moja tu.